Kutega koyote kwenye vichaka vya Texas: tafuta njia kwanza, mtego baadaye

Hii nawaandikia hasa wale waliopata kibarua kwenye ranchi za mbuzi na kondoo huku Texas, au wamejinunulia eka zao chache wakaanza kufuga, maana kila mara kuna mtu anauliza koyote anategwaje na majibu anayopewa ni ya watu wa nyanda za wazi za Kansas na Nebraska, ambayo ukiyaleta kwenye vichaka vya kusini mwa Texas au kule juu Edwards Plateau utamaliza msimu unakamata vicheche na rakuni tu. Kichakani kazi ni nyingine kabisa. Kule kwa wazi koyote anapita anapotaka, huku kichaka ndo kinamwamulia apite wapi.

Kwa ambao hawajamwona, koyote ni kama bweha wetu aliyejazia mwili, wa huku wengi wana kilo 10 hadi 16 hivi, rangi ya vumbi, mkia wa manyoya mengi anaubeba chini akikimbia. Anakula chochote: panya, sungura, panzi, maganda ya mti wa mesquite, matunda ya mpungate yakiiva, matikiti ya watu shambani, na mwana mbuzi akimkuta vibaya. Ndo maana koyote wengi unaowasikia wakilia usiku hawana habari na mbuzi wako kabisa. Anayeua mara nyingi ni ile jozi yenye himaya pale pale mbuzi walipo, dume na jike wenye watoto wa kulisha. Wanapandana Januari mpaka Machi hivi, mimba kama siku 63, watoto wanazaliwa Aprili na Mei, na hapo mahitaji ya nyama yanapanda wakati ule ule malisho yamejaa wana mbuzi na wana kondoo. Kwa hiyo ukiua koyote ovyo upande wa pili wa ranchi mwezi wa kumi hujafanya kitu, nafasi zao zinajazwa na vijana wanaotangatanga bila himaya. Tega karibu na mauaji, na anza wiki chache kabla mifugo haijaanza kuzaa.

Halafu hakikisha ni koyote kweli. Umeamka umekuta mwana mbuzi kafa, usikimbilie mtego, chukua kisu uchune ngozi ya shingo kuanzia chini ya taya kushuka kifuani. Koyote anakaba koo, nyuma kidogo tu ya taya, anang'ang'ania mpaka mnyama anakata pumzi, kwahiyo ukishachuna unakuta matundu ya meno na nyama iliyo chini yake imevilia damu, nyeusi, imevimba. Kama matundu yapo ila nyama ni safi haina damu iliyovilia basi huyo mbuzi alikufa kwa mambo mengine, koyote kaja kujilia tu mzoga. Mbwa wa majirani wao wanatafuna kila mahali, miguu ya nyuma, masikio, mkia, wanajeruhi wengi na hawali sana. Koyote anafungua ubavuni nyuma ya mbavu anakula vya ndani. Na tai weusi wa huku nao wanaua vitoto vilivyozaliwa sasa hivi, wanaanza na macho na ulimi, hao hawategwi na wanalindwa na sheria ya serikali kuu, usiwaguse bila kibali.

Unyayo nao unasema. Wa koyote umekaa kama yai, mrefu kuliko upana, sentimita 6 kwa 5 hivi, kucha mbili za mbele zimeelekeana. Wa mbwa ni wa mviringo na vidole vimetawanyika. Tena koyote anatembea mstari ulionyooka kama mtu anayewahi kazini, mbwa wa nyumbani anazunguka zunguka ananusa kila jani.

Sheria, haraka haraka

Texas koyote hana msimu wa kufungwa, anategwa mwaka mzima. Kama anashambulia mifugo yako au ametoka kuishambulia huhitaji leseni, ila kama unatega kwa ajili ya ngozi au kwa kupenda tu basi leseni ya uwindaji ni lazima, na ruhusa ya mwenye ardhi ni lazima kwa vyovyote. Mitego unatakiwa uikague ndani ya kila saa 36, mimi nasema kagua kila asubuhi, nitaeleza kwa nini. Kusafirisha koyote akiwa hai ni marufuku jimbo zima, hiyo ilitokana na kichaa cha mbwa kilicholipuka kwa koyote wa kusini mwa Texas kuanzia 1988, ilibidi mwaka 1995 serikali ianze kudondosha chambo zenye chanjo kwa ndege mpaka ugonjwa ukazimika. Usije ukamfunga kamba ukampakia kwenye pikapu umpeleke kwa rafiki amwone. Ukiwa na shaka yoyote piga simu Texas Parks and Wildlife uongee na askari wa wanyamapori wa kaunti yako, ni watu wanaoongea vizuri tu.

Na wale mnaosoma mkiwa nyumbani msichukue hii mkaitumie huko. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977 na sheria ya 2013 ni kali, Tanzania nayo ina sheria ya 2009, mtego wa waya porini ni kesi hata kama ulikuwa unamtafuta bweha anayekula kuku.

Kukisoma kichaka

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe, soma taratibu.

Mti mkuu wa huku ni mesquite, ndugu wa damu wa ule Wakenya wanaouita mathenge kule Baringo, miiba ile ile, tabia ile ile ya kuteka malisho. Chini yake kuna mipungate, huisache, na vichaka vingine vya miiba vimeshonana kiasi kwamba ukitaka kupita unatambaa. Koyote naye ana ngozi, hapendi kuchomwa. Mchana analala humo ndani, lakini usiku akitembea anatafuta njia rahisi, na njia rahisi ni chache: sendero, yaani ile mistari mirefu iliyofyekwa katikati ya pori, barabara za caliche (udongo mgumu wa chokaa) za kuzunguka ranchi, njia za ng'ombe kwenda majini, makorongo makavu yenye mchanga, ukuta wa lambo, na kando ya fensi. Hizo zikikutana mahali, hapo ndo unapopataka. Sendero ikikata korongo, pazuri. Njia ya ng'ombe ikitokea kwenye geti, pazuri. Kona ya fensi inapomlazimisha ageuke, pazuri sana.

Fanya hivi, siku mbili tatu kabla ya kutega usibebe mtego wowote. Pita na pikapu au kwa mguu asubuhi mapema jua likiwa bado chini, kivuli cha unyayo kinaonekana vizuri, tazama mchanga wa korongo na vumbi la barabara. Sehemu ambayo vumbi limekanyagwa sana na matairi buruta tawi lenye majani nyuma ya gari jioni ufute alama zote, kesho yake unasoma nani kapita na anaelekea wapi. Angalia mavi, koyote anapenda kunya katikati ya barabara, hasa kwenye makutano, hiyo ni kama bango lake la mipaka, na ukikuta ya zamani na mapya pamoja sehemu moja basi pale anapita kila mara. Ndani ya mavi utaona manyoya, mifupa midogo, mbegu za mesquite. Angalia pia alama za kuparua chini, ameparua kwa miguu ya nyuma baada ya kukojoa, mara nyingi pembeni ya shungi la nyasi lililosimama peke yake.

Watu wengi wanaoshindwa kutega koyote wana mitego mizuri tu kuliko ya kwangu. Wameiweka mahali pasipo koyote. Wanaweka pale walipoona kichaka kizuri, au pale walipopaki gari, wanamwaga dawa ya harufu ya dola 15 wakitumaini atasikia toka mbali aje. Haji. Au anakuja wiki ijayo mvua ikiwa imeshaharibu kila kitu. Weka mtego ambapo miguu yake ingekuwepo hata kama wewe hujazaliwa, halafu harufu ifanye kazi ndogo tu ya kumtoa njiani hatua mbili tatu.

Upepo sasa. Kusini mwa Texas siku nyingi upepo unatoka kusini mashariki, toka Ghuba ya Mexico, mpaka baridi ishuke ndo unageuka ghafla unavuma toka kaskazini. Mtego uwe upande ambao upepo unapita mtegoni kwanza ndo ufike njiani, ili koyote akitembea harufu imkute puani. Barabara ikienda mashariki magharibi weka mmoja ukingo wa kusini kwa siku za kawaida na mmoja ukingo wa kaskazini kwa ajili ya siku za baridi, na hizo siku za baridi ndo koyote wanatembea sana, usizikose.

Vifaa

Mtego wa chuma wa kukamata mguu, saizi namba 2 au 3, taya zikifunguka ziwe kama sentimita 14 au 15. Chagua taya ambazo zikifunga zinabaki na mwanya mdogo katikati, au zile zenye raba kama Soft Catch ya Victor, au mnene ukingoni kama MB-550, zinashika bila kukata. Taya zenye meno ni za makumbusho, usinunue. Mnyororo uwe na viungo vinavyozunguka pande zote, kimoja chini ya mtego, kimoja katikati, kimoja mwisho, maana koyote akizunguka na mnyororo usiozunguka anajisokota mguu, hapo ama anaumia ama anachomoka. Ongeza springi ya kupunguza mshtuko katikati ya mnyororo.

Kisahani, kile anachokanyaga, kikaze mpaka kihitaji kama kilo moja na nusu kufyatuka. Kuna skrubu ya kukaza pembeni. Hii inaruhusu sungura, kicheche na mbweha mdogo wa kijivu wapite juu bila kukufyatulia mtego, na inalazimisha koyote azamishe mguu wote, unamshika juu ya kiganja badala ya kwenye vidole.

Mtego mpya unakuja na mafuta ya kiwandani. Uoshe kwa maji moto na sabuni, uning'inize nje upate kutu nyepesi, halafu uchemshe kwenye pipa pamoja na maganda ya walnati au ile rangi ya mti inayouzwa kwa kazi hiyo, unatoka mweusi usiong'aa. Wengine wanachovya kwenye nta baada ya hapo, inasaidia kasi na kutu, ila nta iliyoyeyuka inashika moto kirahisi sana, fanyia nje mbali na nyasi kavu na usiache jiko.

Vingine ni mwiko wa fundi, nyundo, chekeche ya waya, glavu za raba, kipande cha turubai cha kupigia magoti, plaizi, waya wa kufungia, mkojo wa koyote kwenye chupa (unauzwa), na chambo ya kopo. Nyama mbichi huku usiisumbukie, sisimizi wekundu wa moto wanaijaza ndani ya saa moja na mtego unakuwa kichuguu.

Kuhusu harufu ya binadamu watu wanapiga kelele sana. Vaa buti za raba na glavu safi, usiteme mate, usivute sigara, usimwage dizeli, maliza uondoke, inatosha. Koyote wa ranchi ananusa binadamu kila siku kwenye fensi na geti. Kinachomshtua ni mtego unaocheza chini ya mguu wake.

Mtego wa shimo

Huu ndo wa kujifunza kwanza. Unamwigizia koyote kwamba mnyama mwingine amezika chakula.

Tafuta shungi la nyasi au mpungate mdogo pembeni ya njia, mita moja au mbili toka anapopita, usiingie ndani ya kichaka. Mgongo wa shimo uegemee hilo shungi ili asiweze kuja kwa nyuma. Kabla hujapiga magoti piga chini na fimbo uangalie vizuri, nyoka wa njuga huku anatoka kuota jua hata Januari siku ikiwa na joto. Tandika turubai, piga magoti, usihame hame.

Chimba shimo la mlalo nusu nusu, nyuzi 45, upana sentimita 8, kina 20 hadi 25, mdomo ukitazama upande upepo unakoelekea, kwa sababu koyote atakuja akiupinga upepo pua mbele. Udongo uliotoka mwingine utandaze mbele ya shimo kama vile mnyama kachimba. Sasa mbele yake chimba kitanda cha mtego, kina cha kutosha tu mtego ukishategwa ukae chini ya usawa wa ardhi kama sentimita moja. Katikati ya kisahani iwe sentimita 20 hadi 25 toka mdomo wa shimo, na usiweke katikati kabisa, sogeza sentimita 4 hivi kushoto au kulia. Sababu yake ni kwamba pua yake ikiwa juu ya shimo, kifua ndo kiko katikati, miguu iko pembeni.

Mtego uukalishe imara. Hapa narudia maana hapa ndo wengi wanaharibikiwa. Ukishaupanga bonyeza kila taya kwa kidole, kushoto, kulia, juu, chini, ukicheza hata kidogo toa, sawazisha udongo, weka tena, kisha shindilia udongo kwa vidole pande zote nje ya taya na juu ya springi mpaka iwe ngumu kama ardhi ya kando. Ukimkuta koyote amefukua mtego wako akaugeuza juu chini na watu wanakwambia "huyo ni mjanja", jua alikanyaga ukingo ukatikisika, basi. Ujanja hakuna hapo.

Funika kisahani na kipande cha waya wa neti au karatasi ya nta ili udongo usiingie chini yake. Chekecha udongo mkavu juu, sentimita moja tu, usiwe na kokoto zinazoweza kukwama kwenye taya. Weka kijiwe au kijiti hapa na pale kwenye ukingo ili aone mahali pazuri pa kuweka mguu ni pale katikati. Mbwa wote hawapendi kukanyaga kijiti wakiweza kukiepuka.

Chambo, kijiko kimoja, kisukume mpaka chini ya shimo kwa fimbo, ziba juu kidogo na nyasi au manyoya. Dawa ya harufu tone moja mdomoni mwa shimo. Mkojo nyunyiza kwenye lile shungi la nyuma. Kusanya vitu vyako, udongo uliozidi ubebe kwenye turubai ukautupe mbali. Ukiwa umezoea ni dakika kumi.

Kuna na mwenzake, mtego wa mkojo, huu hauna shimo wala chambo. Lile shungi ulilokuta ameparua na kukojoa, tega sentimita 20 toka hapo upande anaokuja, nyunyizia mkojo tu, ondoka. Februari wakati wa kupandana huu unashinda ule wa shimo, kwa sababu mwenye himaya hawezi kupita mkojo wa mgeni bila kujibu, hata akiwa ameshiba.

Kufunga chini una njia mbili. Nondo ya sentimita 60 iliyopigwa mpaka ikapotea ardhini, na kwenye mchanga wa korongo piga mbili zikipishana. Au nanga ya kuburuta, ndoano yenye meno mawili na mnyororo wa mita mbili na zaidi, imezikwa chini ya mtego. Kwa mesquite nzito mimi naipenda hii ya pili. Akishikwa anakimbilia kichakani, baada ya mita chache ndoano inashika shina, anatulia kivulini, mahali ulipotega hapaharibiki, na mpita barabara hamwoni. Ubaya wake lazima ufuate mchirizi wa ndoano mpaka ulipo, na kwenye uwazi usiitumie kabisa, atakwenda nayo kwa jirani.

Waya chini ya fensi

Ranchi za mbuzi na kondoo huku zina fensi ya wavu, siyo seng'enge tupu, kwahiyo koyote hapiti popote, anachimba chini mahali fulani na kila mtu wa ukoo wake anapita hapo hapo. Tembea fensi yote, ndiyo yote, hasa inapovuka makorongo madogo. Ukikuta tundu chini ya waya inamisha kichwa utazame waya wa chini kabisa. Manyoya yaliyonasa yatakwambia: ya koyote ni marefu, laini, kijivu yenye ncha nyeusi. Ya kulungu ni magumu, mazito, yanakatika ukiyakunja. Ya nguruwe pori na javelina (mnyama wa huku anayefanana na nguruwe mdogo) ni kama nywele za ufagio, na pembeni pana tope. Tundu lenye ardhi iliyolainika na manyoya ya koyote peke yake ndo la kutegea, lenye mchanganyiko liache au weka mtego wa mguu mbali kidogo.

Kitanzi kiwe cha kebo ya chuma ya milimita 2.4 hivi yenye kufuli linalojikaza na kiungo kinachozunguka. Chini ya fensi kitanzi kijaze lile tundu, kipenyo sentimita 20 hadi 25, ukingo wa chini karibu na ardhi kabisa. Ukitega kwenye kinjia cha kichakani kitanzi kinakuwa kikubwa kidogo, 25 hadi 30, na kinaning'inia kama sentimita 25 hadi 30 toka chini ili kichwa kiingie na miguu ibaki. Funga kwenye nguzo au nondo, usifunge kwenye wavu wenyewe, utakuja kukuta fensi imechanwa. Weka kizuizi kinachokataza kitanzi kufunga mpaka mwisho, mguu wa kulungu au ndama utatoka, na kile kiungo dhaifu kinachokatika mnyama mzito akivuta.

Kama ranchi ina mbwa wa kulinda mbuzi, wale wakubwa wa Great Pyrenees au Anatolian, usiweke waya wowote ndani ya malisho yao wala kwenye matundu ya fensi yao. Waya haumjui mbwa wa bosi. Ongea na bosi kwanza, na mitego ya mguu iweke nje ya malisho tu. Kusema kweli kama hao mbwa wanafanya kazi vizuri na vifo vimepungua, mitego haina haja hapo.

Na sumu usiiguse. Mnajua wenyewe kwetu Furadan ilivyowekwa kwenye mizoga kumkomesha simba ikamaliza tai. Huku ni jela na faini.

Kukagua

Kila asubuhi mapema kabla jua halijapanda. Koyote aliyeshikwa usiku akikutwa saa moja asubuhi ametulia, amelala tu. Akiachwa mpaka saa nane mchana kwenye joto la Texas anateseka bure, anajiumiza, na anaweza kuchomoka. Pita na gari ukiangalia kwa mbali na darubini, usikanyage kanyage pale kila siku.

Ukimkuta, usijisogeze kuonyesha ushujaa wala kupiga selfi. Risasi moja ya .22 kichwani, katikati ya jicho na sikio, imeisha. Kumshika vaa glavu kila mara, kichaa cha mbwa hakiko kwa koyote tu, kipo kwa vicheche na mbweha, na ukurutu unahamia mtu na mbwa wako. Koyote aliyenyonyoka manyoya usimwingize kwenye gari hata kidogo.

Ukikuta mbwa wa mtu, kulungu mdogo au bobcat (paka pori wa huku) na hukumtaka, ubao wenye mwanya upande mmoja unasaidia, unamzuia nao huku unakanyaga springi kwa mguu mtego ufunguke. Ndo faida ya taya zenye mwanya, anaondoka akichechemea kidogo tu.

Koyote akishashikwa kwenye nondo pale panakuwa duara limekanyagwa, limenyewa, linanuka koyote. Wageni wanahama. Usihame, tega mwingine pembeni ya hilo duara siku hiyo hiyo, ndo harufu bora kuliko ya dukani, na mwenzake wa jozi lazima apite kuchunguza.

Mvua ikinyesha udongo wa mfinyanzi unaganda kama zege, mtego haufyatuki, kwahiyo weka akiba ya udongo mkavu uliochekechwa kwenye ndoo yenye mfuniko na ubadilishe. Ng'ombe wakiwa wanalala njiani weka mtego nyuma ya tawi kubwa la mesquite au usogeze upande wa pili wa fensi, ng'ombe wana udadisi kuliko koyote.

Kila mtego piga alama kwenye ramani ya simu siku ile ile unayoutega, na andika idadi. Vifo vikikoma wiki mbili tatu, ng'oa vyote, hesabu ulinganishe na ile idadi, waya hasa, maana kitanzi kilichosahaulika chini ya fensi kinaendelea kukaba mwaka mzima na jirani akikuta mbwa wake humo atakuja na sherifu, siyo kunywa kahawa na wewe.